Kisu Nilichopokea Mkononi

Kila Jumatano asubuhi mnoa visu hupita mtaani kwetu Mukendo, hapa Musoma, na baiskeli yake. Huisimamisha kwa stendi, akafunga mkanda kwenye gurudumu la nyuma, akakaa juu na kukanyaga pedali, huku jiwe la kunolea likizunguka mbele yake na cheche zikiruka mpaka kwenye kanga za wanawake wanaosubiri. Majirani zangu wanaipenda siku hiyo, maana ni siku ya umbea. Mimi nafunga dirisha. Ile harufu ya chuma kilichopata moto, ambayo huionja ulimini kabla hujaisikia puani, inaniamshia hasira niliyoanza nayo nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mpaka leo sijaona sababu ya kuiacha.

Nawaambieni mapema asije mtu akalalamika baadaye kwamba nimemharibia siku. Wapo watu ambao wakikumbuka utoto wanakumbuka mvua na michezo. Mimi namkumbuka baba mkubwa Magesa, kaka yake baba yangu, na nikimkumbuka nasaga meno.

Tulikaa Guta, upande ule ambao mashamba yanateremka mpaka kwenye matete ya ziwa. Mji ulikuwa wa marehemu babu, na ndani yake nyumba mbili: ya baba mkubwa, ndefu, ya bati, na yetu, fupi, ya nyasi. Katikati palikuwa na uwanja mmoja ambao kuku wa pande zote mbili waliutumia bila ugomvi. Kuku tu.

Ndezi, wale panya wakubwa wanaoliwa, walitoka kwenye matete wakala miwa yetu, na sungura wakaja kutoka vichakani kula karanga na kunde. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada, baba na kaka yake walivua mashati ya kanisani wakaingia shambani na mbwa na nyavu. Wanyama wa hifadhini hawakuwagusa. Baba yangu alimwogopa askari wa wanyamapori kuliko alivyomwogopa mchungaji. Walichopata kililetwa uwanjani, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Kwetu, aliyepasua tumbo la mnyama ndiye anayegawa nyama. Jambo hilo halikuwa na mjadala. Kisu cha babu kilibaki kwa baba mkubwa kwa kuwa ndiye mkubwa, na baba yangu hakuwa na kisu cha maana, ila kile cha jikoni ambacho mpini wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Basi kila Jumapili baba mkubwa alipasua, na kila Jumapili aligawa. Nyumba yake ilichukua mgongo na mapaja. Sisi tulipata kichwa, shingo na miguu ya mbele, pamoja na maneno ya kuteremshia.

"Masatu, wewe una wasichana tu," alimwambia baba. "Wasichana hawakulagi sana."

Tulikuwa wasichana watatu, na wa nne alikuwa njiani. Laiti angekuja kutuona tukila.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi nilifanya mimi. Mikono yangu ilikuwa midogo, inapita vizuri kati ya ngozi na nyama, na baba alinifundisha kumchuna sungura kama anayemvua mtoto shati: unaanza miguuni, unavuta taratibu, ngozi inatoka nzima bila tundu. Baba mkubwa alisubiri nimalize, ndipo akaja na kisu cha babu kupasua tumbo. Kwa nini asiniache nimalizie? Mnajua kwa nini.

Siku niliyoanza kumchukia rasmi ilikuwa Jumapili moja mama alipokuwa ametoka kujifungua yule wa nne. Alikuwa amelala ndani, hana damu usoni, na akaniagiza nimwombee ini. Nikaenda, nikapiga magoti, nikaomba kwa adabu zote nilizofundishwa. Baba mkubwa akalitoa ini la ndezi, akaligeuza kiganjani mara mbili, akamtupia mbwa wake aliyeitwa Polisi.

"Mbwa ndiye aliyekimbia," alisema.

Baba yangu alikuwa pale. Alinawa mikono, akaingia ndani kwa mama, akakaa huko muda mrefu. Kesho yake asubuhi aliniambia, "Jumamosi twende Bunda. Tutafute kisu." Hakufafanua kisu cha nini, wala sikuuliza. Katika mji wetu kununua kisu kulikuwa ni kutangaza vita, na mimi niliitamani vita hiyo kuliko nilivyotamani sikukuu.

Sokoni Bunda visu vilitandazwa juu ya turubai la bluu, vingine vinang'aa kiasi cha kujionea uso. Nilikiona changu papo hapo. Kilikuwa kirefu, cheusi, na mgongoni kilikuwa na meno kama ya msumeno. Mpini wake ulikuwa na kifuniko cha kuzungusha, na ndani mlikuwa na dira ndogo, ndoano ya samaki na njiti tatu za kibiriti. Nilijiona nimekivaa kiunoni, na baba mkubwa anakimbilia ziwani na kuogelea mpaka Ukerewe.

Baba hakukitazama kwanza. Alianza na visu vya kukunja, akavisogeza pembeni vyote. "Hivi vinajaa damu na manyoya kwenye maungio," alisema. "Halafu siku moja kinakukunjia vidole." Ndipo akakichukua kile changu, akafungua kifuniko, akachungulia ndani kama anayemkagua jino mgonjwa.

"Unaona hili shimo? Mpini ukiwa na shimo, ujue chuma hakijaingia humu. Kimeishia hapa mwanzoni tu. Ukikigonga kwenye mfupa unabaki na mpini, bapa linabaki kwenye nyama." Akapitisha kidole kwenye meno ya mgongoni. "Na haya yatashika manyoya na utumbo. Unataka kumchana sungura nywele?"

Muuzaji alikuwa kijana mwenye kofia ya jua, na uvumilivu wake ulikuwa umeisha. "Mzee, kama hununui usishikeshike," alisema. "Hii kisu si ya kuchezea na watoto."

"Wala si ya kuchunia," baba akajibu, akakirudisha.

Wakaanza kurushiana maneno, na watu wakasimama kutazama. Nikamchukia muuzaji kwa kututukana, nikamchukia baba kwa kutonunua, nikawachukia na waliosimama. Njiani nililia kwa hasira mpaka nikapata kwikwi. Baba aliniacha nilie. Nilipomaliza aliniambia kwamba wiki ijayo tutakwenda Butiama.

Butiama tulishuka asubuhi, tukapita Mwitongo, tukaendelea kwa miguu kwenye njia ya mawe mpaka kwa mhunzi mmoja aliyeitwa mzee Wambura. Nilimsikia kabla sijamwona: nyundo inapiga, inanyamaza, inapiga. Halafu ikaja ile harufu. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, jicho moja limekuwa jeupe kwa ajili ya cheche, na alitupokea kama watu waliomkatiza usingizi.

"Mnataka cha nini?" aliuliza. "Cha kuchinjia, cha kuchunia, au cha kuringia?"

"Cha kuchunia wanyama wadogo," baba akasema. "Sungura, ndezi, na kanga akipatikana. Na kuchonga kijiti cha kuchomea porini."

"Nani atakishika?"

Baba alisita kidogo. Kisha akanionyesha mimi. Sikuwa nimetegemea hilo, na sidhani kama hata yeye alikuwa ameamua kabla ya pale. Mzee Wambura alinitazama kwa jicho lake zima, akamgeukia baba, akamwambia, "Basi wewe nyamaza."

Alichukua mkono wangu wa kulia, akaupima kwa vidole vyake vigumu. Halafu akaleta visu vitatu akavilaza juu ya gunia. "Chagua."

Nilichukua kirefu kuliko vyote. Akauliza, "Unakwenda kumchuna nani, kiboko?" Nikakirudisha masikio yanawaka. Nikachukua cha pili, chembamba, ncha yake kali kama mwiba. Akaniambia nikishike kama ninayepasua tumbo, akaisukuma ncha kwa ukucha. "Hii itatoboa utumbo kabla hujajua. Ukitoboa utumbo mnakula nyama na mavi yake." Baba alitaka kusema kitu, mzee akamnyooshea nyundo.

Kikabaki kimoja, na kilikuwa kibaya. Kilikuwa kifupi, bapa lake halikupita urefu wa kiganja changu, jeusi, limejaa alama za nyundo. Mgongo wake ulikuwa mnene. Makali yalipinda kidogo kwa mbele, na ncha ilikuwa imeshuka, haikujitokeza kutafuta ugomvi. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe iliyoachwa na mikwaruzo yake ili isiteleze kwenye damu, na mkia wa chuma ulipita ndani ya pembe yote ukatokeza mwishoni, ukapigwa ukalala. Mzee alikigonga kwa ukucha, kikalia. Akanyoa nacho malaika ya mkono wake, yakaanguka bila kelele.

"Hii springi ya lori," alisema. "Mkono wako utakua, lakini mpini una nafasi ya kidole kimoja zaidi. Ukikiacha na damu kitashika kutu, na kikishika kutu kosa ni lako. Usije hapa kunisumbua."

"Ni kibaya," nikasema, maana bado nilikuwa naomboleza kile chenye dira.

"Hata mimi ni mbaya," mzee akasema, "na kazi nafanya."

Nikanyoosha mkono kukichukua. Aliurudisha mkono wake nyuma ghafla, uso umebadilika, akainama akakiweka kisu chini kwenye vumbi, makali yakimwelekea yeye, kisha akarudi hatua moja. "Okota," alisema.

Njiani baba alinikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa kwetu huliona jikoni bila kuelezwa. "Kisu hakipokelewi mkononi. Anayetoa anaweka chini, anayetaka anaokota. Kikitoka mkono kwenda mkono, ugomvi unaingia kati ya nyumba mbili na hautoki. Umeona mama yako? Hata kitunguu akikata anawekaga chini." Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa, ndiyo maana yaliyofuata yaliniumiza vile. Sikuwa na hata kisingizio cha ujinga.

Jumapili ile walikuwepo na majirani wawili tuliosali nao kanisa moja. Polisi alimtoa ndezi mnono kwenye matete akamsukumia wavuni, na shambani kwa karanga wakapata sungura mmoja. Walipofika uwanjani, baba mkubwa akakiona kisu kiunoni mwa baba, ndani ya ala ya ngozi ambayo mama aliishona kwa uzi wa gunia.

"Umenunua sindano?" aliuliza. Majirani wakacheka.

Baba akasema, "Leo napasua mimi."

Hamwezi kujua maneno yale matatu yalikuwa na uzito gani. Sijawahi kumsikia baba akimwambia kaka yake jambo bila kuanza na samahani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, nimeshika miguu ya ndezi niliyekwisha kumchuna. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

Baba mkubwa hakupandisha sauti. "Sawa," alisema. "Hebu nikione kwanza."

Baba akakitoa kisu, akakiweka chini kama inavyotakiwa. Baba mkubwa akakiokota, akapima makali kwa dole gumba, na bila neno lolote akapiga goti akampasua ndezi kuanzia kifuani mpaka mkiani. Kwa kisu chetu. Nitasema ukweli ingawa unaniudhi: kilikata vizuri ajabu. Kilipita bila kugusa utumbo, ncha imelala, mgongo mnene unafuata kidole. Kila kitu mzee Wambura alichokiahidi nilikiona kwa macho yangu kikifanya kazi mkononi mwa adui. Mgongo ukaenda kwenye beseni lake. Mapaja yakafuata.

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama, mikono imening'inia. Sasa alikuwa amebaki yule sungura tu, na nilijua kwamba baba mkubwa akimpasua na huyo, vita yetu imekwisha kabla haijaanza, na kisu kile kizuri kibaya kitakuwa kimepatikana bure.

Ndipo nikafungua mdomo, jambo ambalo mtoto wa kike hakulifanya mbele ya wageni. "Baba mkubwa, nipe kisu chetu. Sungura baba ndiye atampasua."

Alinitazama. Akawatazama majirani. Kisha akaling'oa jani, akafuta damu kwenye bapa, upande huu na upande ule, akakigeuza kisu mpini ukanielekea, akanyoosha mkono.

"Haya, mwanangu," alisema. "Chukua."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikachukua. Pembe ilikuwa na joto la kiganja chake, nalikumbuka mpaka leo. Sikuwa nimekunja vidole vyote alipoinuka, mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeungua.

"Mmeona?" aliwauliza majirani. "Mashahidi mpo. Mtoto wa Masatu ametwaa kisu mkononi mwangu. Si mimi niliyetaka ugomvi kwenye huu mji. Mmeona."

Walikuwa wameona. Jirani mmoja alishika kichwa. Mama alikuja akakipiga kisu kutoka mkononi mwangu kikaanguka, kisha akanipiga na mimi, kofi moja tu, halafu akakaa chini akalia. Sungura hakupasuliwa na mtu. Alibaki pale uwanjani mpaka nzi wakamkuta.

Kabla ya mwezi kuisha wazee wa ukoo walikaa. Baba mkubwa alisema hawezi kuendelea kukaa mji mmoja na nyumba iliyokwisha kuleta kisu, na kwamba yeye ni Mkristo, hana chuki, ila mila ni mila. Uwanja ukagawanywa. Yeye akapata upande wa miwa, matete na kisima. Sisi tukapata upande wa mawe. Katikati akapanda minyaa, na kuku ambao hawakuwa na ugomvi na mtu wakajikuta wamefungiwa pande mbili.

Na mimi, Nyangeta, nikapata jina la mkosi. Ng'ombe wake alipotoa mimba, watu walisema ni mkono wa Nyangeta. Binti yake aliporudishwa na mume, mkono wa Nyangeta. Polisi alipoumwa na nyoka akafa, mkono wa Nyangeta, na hilo, naomba mnielewe, lilinifurahisha. Kanisani nilikuwa miongoni mwa watoto waliopitisha kikapu cha sadaka. Nikatolewa bila kuambiwa sababu. Shuleni hakuna aliyekubali kupokea wembe wangu wa kuchongea penseli, hata nikiuweka juu ya dawati.

Niliamini. Hilo ndilo ambalo simsamehei. Mtoto wa miaka kumi na mmoja nilikwenda ziwani nikausugua mkono wa kulia kwa mchanga na majivu mpaka ukatoka malengelenge. Kwa muda fulani nilikula kwa mkono wa kushoto, nikachapwa kwa utovu wa adabu, nikaona ni heri fimbo kuliko kutia ule mkono kwenye bakuli moja na wadogo zangu. Niliamini kwamba nilivunja mji wa babu kwa vidole vyangu vitano. Baba hakunilaumu hata mara moja. Wala hakuniambia kwamba si kosa langu, na ukimya wake nikauchukua kuwa hukumu.

Upande wa mawe haukutulisha. Tulihamia Musoma, baba akawa anapasua sato na sangara mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, na kisu kile kilichotengenezwa kwa ajili ya sungura kikajifunza magamba. Hakikuwahi kushika kutu. Baba alipougua ugonjwa uliomwondoa, siku moja alikitoa chini ya mto, akajikaza akainama kutoka kitandani, akakiweka sakafuni. "Okota," alisema. "Kilikuwa chako toka Butiama." Hakuongeza kitu kingine juu ya jambo lile, na mimi niliogopa kumuuliza.

Mwaka jana mjukuu wa baba mkubwa aliolewa, na mama, ambaye uzee umemfanya asamehe watu hovyo, akanilazimisha twende Guta. Nilikuta minyaa imepita urefu wa nyumba. Mtu alikuwa ameleta sungura wawili, na wanawake wa pale, ambao walikuwa wamelisahau jina langu la zamani au wanajifanya, wakakumbuka kwamba nilikuwa hodari wa kuchuna. Nikakaa uwanjani kwenye kigoda, nikatoa kisu changu.

Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu nami. Amekuwa mdogo. Kiuno chake hakikunjiki. Mkwewe ndiye humvalisha viatu. Alikuwa na kipande cha muwa mapajani, na kwa kuwa meno yamebaki machache alitaka kukikata vipande vidogo.

"Nyangeta," aliniita, na mkono akaunyoosha. "Nipe hiyo kisu nikate muwa."

Nikautazama mkono ule. "Mkononi, baba mkubwa?"

Akacheka, fizi zote nje. "Aa, wewe bado uko na mambo hayo? Hiyo ya wazee bwana. Mimi sijawahigi kuamini."

Alisema hivyohivyo, mbele ya watu, kama anayeniambia kwamba hatumii sukari kwenye chai. Na sidhani kama alikumbuka. Nadhani hilo lilinipiga zaidi ya yote: alikuwa amesahau.

Mimi nilibaki nimeshika miguu ya sungura, nikaiona Jumapili ile upya, safari hii kwa macho ya mtu mzima. Nikamwona anavyowatazama majirani kabla ya kuling'oa jani. Nikamwona anavyofuta damu pole pole, anavyokigeuza kisu, anavyosema mwanangu. Na nikasikia sauti ya baba kwenye njia ya mawe ya Butiama: anayetoa anaweka chini. Anayetoa! Miaka yote hiyo nimebeba mkono uliopokea, na hakuna mtu, si mzee wa ukoo, si jirani, si mchungaji, aliyeuliza habari za mkono uliotoa. Ulikuwa wa mtu mzima mwenye ndevu. Na baba yangu alikuwa amesimama palepale. Aliuona ukinyooshwa. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ananihukumu, kumbe alinyamaza kwa aibu, maana alikuwa na muda wa kusema neno moja na hakulisema. Hilo nalo nalibeba, na sijui niliweke wapi.

Nikafuta kisu kwa jani, upande huu na upande ule. Nikainama, nikakiweka chini kwenye vumbi mbele ya miguu yake, makali yakinielekea mimi. Nikarudisha kigoda nyuma.

"Okota, baba mkubwa," nikasema.

Mkwewe akaharakisha kuja kumsaidia. Nikamwambia, "Mwache. Ataokota mwenyewe." Sijui sauti yangu ilikuwaje, lakini alisimama.

Ilichukua muda. Alishika goti kwanza, kisha ukingo wa kiti, akashuka kidogo kidogo huku akigugumia, na wanawake wote wanatazama. Vidole vyake vilipapasa vumbi mara mbili kabla ya kuigusa pembe. Sikumsaidia wala sikuangalia pembeni. Alikata muwa wake, na alipomaliza, bila kunitazama, akajikunja tena kwa taabu ileile akakiweka chini. Nami nikaokota, nikampasua sungura, nikagawa nyama. Mgongo nilimpelekea mama. Shingo nilimwekea yeye.

Tulifanya kila kitu kama mila inavyotaka. Kisu hakikugusa mikono miwili kwa pamoja hata nukta moja. Na nilipopanda gari kurudi Musoma nilijipima, nikaona bado namchukia vilevile, haijapungua hata chembe. Nikautazama mkono wangu wa kulia juu ya paja, kwa mara ya kwanza toka utotoni bila kuuogopa, kwa kuwa sasa nilijua kwa hakika kwamba ugomvi haukutoka humo.